Nyumba ya Mzazi Aliyefariki: Kitolewe Nini Kwanza?



Wengi wenu mnakumbuka kwamba msimu uliopita afisi ya Chama ilifungwa siku kumi na mbili, na daftari la magunia halikuandikwa mpaka tuliporudi. Sababu yake ilikuwa msiba. Mzee wetu, baba wa Katibu wenu, alifariki huko Bagara, katika mji wa Babati, Mkoa wa Manyara, alikokuwa akikaa na kufanya biashara tangu mwaka wa 1999. Twawashukuru nyote mliotuletea salamu na mliotuangalizia majamvi yetu mvua ilipotishia. Lakini hatuandiki leo kwa shukrani tu. Tangu turudi wamekwisha kutujia wanachama wasiopungua sita, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao ni moja: mzazi akifa, na nyumba yake imejaa vyombo, na watoto wametawanyika, huyu Wete, huyu Dar es Salaam, huyu Maskati, nyumba hiyo huondolewaje vitu pasizuke ugomvi? Tumeona ni heri tuandike yale tuliyosoma chuoni pamoja na yale tuliyojifunza kwa kuumia.

Bagara ni kata ya mji wa Babati, kando ya njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Mji wenyewe uko juu, na baridi yake ya Juni na Julai si ya mtu aliyezaliwa Pemba. Karibu yake lipo Ziwa Babati, lenye viboko. Wenyeji ni Wagorowa na Wairaki, ambao zamani tukiwaita Wambulu, na pamoja nao wapo watu wa kila upande waliofuata biashara. Huko hulimwa sana mahindi na mbaazi. Mzee wetu alikwenda na mtaji wa viungo na kanga, akaishia kuwa mnunuzi wa mbaazi. Mama yetu alipokwisha kufariki alioa huko, akapata watoto wengine wawili. Basi aliacha mjane mmoja, wana wawili na mabinti watatu: sisi watatu tuliozaliwa Pemba, na wawili wa Bagara, mmoja kijana wa miaka kumi na tisa na mmoja msichana wa miaka kumi na mmoja. Kusema kweli hawa wawili tulikuwa tukiwajua kwa sauti ya simu kuliko kwa uso.

Simu ya msiba ilitukuta katikati ya uchumaji. Tulipanda chombo Mkoani, tukapita Unguja na Dar es Salaam, kisha basi kwa njia ya Dodoma. Siku hizi kutoka Dodoma hata Babati ni lami tupu, barabara hiyo ilifunguliwa mwaka wa 2018. Hata hivyo tulifika siku ya tatu, maziko yamekwisha, watu wanasoma hitima.

Tuliyoyakuta ndiyo yaliyotufanya tuandike. Watu wema, waliotaka kusaidia, walikuwa wamekwisha anza kuiondoa nyumba. Kitanda kilikuwa nje. Kanzu na kofia zilikuwa zimegawiwa sadaka. Nyuma ya jiko palikuwa na majivu ya makaratasi, maana mtu mmoja alisema kwamba karatasi za marehemu hazina kazi tena. Na mpwa mmoja, aliyeijua namba ya siri ya simu ya mzee, alikuwa amekwisha toa fedha zilizokuwamo ili kununua mchele wa wageni. Hapana hata mmoja katika hao aliyekusudia dhuluma. Lakini katika mambo hayo manne hapana hata moja lililokuwa halali kufanywa wakati ule, na ni vyema kila mwanachama ajue kwa nini.

Mtu akifa, mali yake haiwi ya mtoto mkubwa wala ya aliyemuuguza. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni yake yote, kisha wasia wake ikiwa upo, nao usipite thuluthi moja ya kilichobaki wala usiwe kwa mrithi, mpaka warithi wengine waridhie. Ndipo warithi hugawiwa mafungu yao. Kwa hiyo siku ya tatu hapana ajuaye bado kama kuna cha kurithi au hakuna. Kanzu zile zilikuwa na sehemu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, na fungu la mtoto mdogo hatolewi mtu sadaka, hata na mama yake, hata kwa nia njema. Mtu mzima aweza kuitoa sehemu yake mwenyewe. Ya mtoto huwekwa. Jambo hili wengi wetu tulifundishwa tukiwa wadogo, na twalisahau siku ya msiba kwa sababu ya haya mbele ya wageni. Fedha za simu nazo ni mali ya marehemu kama zilizo sandukuni. Mchele wa wageni unaweza kungoja mchango wa jirani.

Kazi ya kwanza, basi, si kugawa vitu vya marehemu. Ni kutoa visivyo vyake. Katika kila nyumba ya mtu aliyeishi na watu kuna masufuria ya jirani, ngazi ya msikiti, cherehani ya shangazi iliyoachwa ifanyiwe ufundi, na amana za watu. Na kuna mali ya mke: vyombo alivyonunua kwa fedha yake, alivyopewa na wazazi wake, na mahari yake, na mahari ikiwa haijalipwa, hiyo ni deni la marehemu, hulipwa pamoja na madeni mengine. Sisi tulikaa na mama yetu mdogo sebuleni, tukamwuliza kitu kwa kitu: “Mama, hiki ni cha nani?” Alipojibu tuliandika. Mwanzo aliona haya, akasema vyote ni vya watoto. Tulipomwomba mara ya pili alisema kwa sauti ndogo kwamba kabati na redio alinunua yeye kwa kuuza mahindi. Hebu tufikirie kama kabati lile lingalikwisha uzwa!

Kisha nyumba yenyewe. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au hata ajifungue ikiwa ana mimba, na hukaa katika nyumba ile ile aliyokuwa akikaa na mumewe. Kumtolea kitanda nje siku ya tatu ni kumtoa yeye. Tulikirudisha kitanda jioni ile ile, nasi tulikibeba kwa mikono yetu, ili watoto wa Bagara waone ni nani anayekirudisha.

Karatasi. Hapa ndipo hasara yetu ilipokuwa kubwa, na ndipo tulipookolewa na mtoto. Yule binti mdogo alikuwa amelichukua mapema kopo la biskuti ambamo baba yake alitia karafuu zitokazo Pemba, kwa sababu alipenda harufu yake. Chini ya karafuu palikuwa na daftari. Ndani yake mzee aliandika, kwa herufi za Kiarabu kama alivyozoea, nani anamdai na yeye anamdai nani. Mwaka wa 2017 Serikali ya Uhindi iliweka mpaka wa mbaazi ziingiazo kutoka nchi za nje, na bei ikaanguka vibaya huku kwetu Afrika Mashariki. Sisi wa karafuu hatuhitaji kuelezwa bei ikianguka ni nini. Mzee alikuwa amekwisha chukua mbaazi za wakulima wawili kwa ahadi, akashindwa kuwalipa zote. Daftari lilionyesha magunia saba yaliyobaki. Mkulima mmoja, mtu mzima wa upande wa Bonga, alikuwa amekaa nasi hitimani siku mbili asiseme neno. Tulipomwita na kumsomea alisema amekuja kutoa rambirambi tu, na kwamba alikwisha kata tamaa. Akalipwa. Kama kopo lile nalo lingalitiwa motoni, deni lingalibaki juu ya mzee wetu, na sisi tungaligawana mali ya mkulima tukidhani ni urithi.

Kwa hiyo karatasi zote ziwekwe katika sanduku moja, hata zile zionekanazo takataka, mpaka aje mtu awezaye kuzisoma. Na kama ziko kwa Kiarabu atafutwe mwalimu. Kwa mwanachama wetu wa Pemba karatasi hizo ni pamoja na stakabadhi za ZSTC, hati ya shamba, na makubaliano ya mikarafuu iliyokodishwa. Wako waliolipwa nusu ya kodi ya msimu wakafa, na aliyekodi akaja na shahidi mmoja tu.

Sasa mafungu. Kwa kuwa marehemu ana watoto, mjane hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Baba au mama wa marehemu akiwa hai kila mmoja hupata sudusi, wetu hawakuwapo. Kilichobaki ni cha watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Kwetu hesabu ilikuja nyepesi: sehemu nane, mama moja, mabinti watatu moja moja, wana wawili mbili mbili. Bidhaa na vyombo vya dukani vilivyouzwa, baada ya madeni, vilileta Sh. 1,200,000/-. Kila sehemu ikawa Sh. 150,000/-.

Hapo ndipo lilipokuja lile lililotaka kututenganisha. Mzee aliacha Pemba mikarafuu arubaini. Jamaa mmoja wa kwetu alisema waziwazi kwamba watoto wa Bagara wachukue vya Bagara, na mikarafuu ni ya watoto wa Pemba, maana hao wengine hata mkarafuu hawajauona. Maneno hayo twayasikia sana visiwani, nasi twasema ni batili. Mtoto humrithi baba yake, hairithi wilaya. Mikarafuu arubaini kwa sehemu nane ni mitano kwa kila sehemu, na kijana wa Bagara ana kumi sawa na sisi. (Wenye eka tatu zilizotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 wajue kwamba ardhi ile ni ya Serikali na ina masharti yake, waulize idara ya ardhi kabla ya kupima kamba.)

Tulikubali kutoigawa miti. Miti mitano ya mtu aliye safari ya siku mbili itaota majani tu. Huchumwa pamoja, huuzwa pamoja, gharama za wachumaji hutolewa, na fedha hugawiwa kwa sehemu nane, na nakala ya stakabadhi hutumwa kwa kila mtu.

Mlango wa Serikali hauna budi kupitiwa. Mirathi hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa akikaa. Kwa nyumba ya Bagara tulikwenda Mahakama ya Mwanzo kule kule, ambayo husimamia mirathi kwa sheria ya Kiislamu au ya mila, tukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Msimamizi aliyeteuliwa ana miezi minne ya kuleta mahakamani orodha ya mali na madeni, ila mahakama ikimwongezea. Ni muda unaokaribiana na eda, kwa hiyo hapana sababu ya pupa. Mahakama za Zanzibar ni mbali na za Bara. Mali iliyo Pemba hupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na penye mzozo ni kwa Kadhi. Tulimchagua dada yetu wa Wete awe msimamizi wa mali ya Bagara, kwa sababu hana haraka na huandika kila kitu. Wako waliosema mwanamke hafai, hawakuleta dalili.

Dada aliye Maskati hakuweza kuja. Tulifanya kikundi cha WhatsApp cha warithi peke yao, bila wajomba wala mashemeji, na kila chombo kilipigwa picha kabla ya kutoka mlangoni. Tulidhani ataomba saa ya mzee au msahafu. Aliomba mbuzi ya kukunia nazi, ile mzee aliyoichukua Pemba mwaka wa 1999 kwenda nayo mji usio na mnazi. Kwa bei ya dukani haifiki chochote, na mtu alikuwa amekwisha iweka kwenye kuni.

Eda ilipokwisha mama yetu mdogo alisema anataka kubaki Bagara. Nyumba haikuuzwa. Tuliandika, tukatia sahihi sote pamoja na mashahidi, kwamba itabaki hivyo mpaka binti mdogo atimize miaka kumi na minane, na sehemu za kila mtu zimetajwa ili asiyekuwapo leo asije akadai kesho.

Msimu huu kijana wa Bagara amekuja Pemba kwa uchumaji. Hatukumruhusu kupanda, tulimweka jamvini na wanawake achambue makonyo, akachekwa siku mbili za mwanzo, siku ya tatu akawa mwepesi kuliko sisi. Atarudi na kopo la biskuti limejaa.

Mwanachama aliye na jambo la mirathi linalohusu mikarafuu na aje afisini na cheti cha kifo, orodha ya warithi wote, pamoja na walio nje ya kisiwa, na stakabadhi za misimu mitatu ya nyuma akiwa nazo. Asiyekuwa nazo na aje pia, ila asichome kitu kwanza.