Mwenye kisukari anapofunga safari ya Makka

Dawa za mzee anayekwenda Umra mara nyingi hufungwa kama alivyopewa dukani: vidonge vimemiminwa kwenye bahasha ndogo, juu yake kalamu imeandika "1×2". Hapa nyumbani hiyo inatosha. Forodhani Jidda hivyo ni vidonge vyeupe visivyo na jina. Mwambie mfamasia aziache kwenye pakiti zake, na daktari aandike barua kwa Kiingereza yenye jina halisi la kila dawa, si lile la kibiashara peke yake. Barua ikae pamoja na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili Saudia.

Tramadol inahitaji onyo lake. Kwetu wapo wanaoimeza kwa maumivu ya mgongo bila hata kumwona daktari. Huko Uarabuni ni dawa inayodhibitiwa kama za kulevya. Mwaka 2017 mahakama ya Misri ilimfunga Mwingereza mmoja miaka 3 kwa kuingia na vidonge 290. Kwa hiyo kifurushi cha "mfikishie shangazi dawa zake" kikatae, hata akinuna.

Insulini huharibiwa na baridi kali sawa na joto. Isipakiwe kwenye begi la chini ya ndege, maana huko inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ibebe mkononi. Makka joto la kiangazi hupita nyuzi 40, nayo chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida haitakiwi kuzidi 30. Chupa ya chai yenye mdomo mpana husaidia: isuuze kwa maji baridi, yamwage, kisha tia insulini. Barafu isiiguse.

Saa za kuchoma sindano hazibadiliki, kwani Dar es Salaam, Nairobi na Makka hufuata saa zilezile. Kinachobadilika ni mwendo. Sa'i peke yake, mara saba kati ya Safa na Marwa, inapita kilomita 3, tena baada ya tawafu. Sukari inaweza kushuka ghafla, hivyo kipimo cha insulini kizungumzwe na daktari kabla ya kuondoka. Mfukoni ziwepo glukosi au tende. Mwenzake ajue zilipo, na ajue kwamba jasho jingi, mikono inayotetemeka na maneno yasiyoeleweka huenda si uchovu wa ibada: ampe kitu kitamu hapohapo, maadamu bado anaweza kumeza.