Fao la Kupoteza Ajira Hulindwa Ukiwa Bado Kazini

Msikilizaji, kibarua kinapoota nyasi, swali la kwanza linalomjia mfanyakazi ni moja tu: mimi na wanangu tutakula nini? Wiki hii tuzungumzie fao la upotevu wa ajira, linalolipwa na NSSF kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Wapo wanaolisikia kwa mara ya kwanza siku wanapokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Wakati mwingine siku hiyo huwa wamekwisha kuchelewa.

Kwanza tujue fao hili limetoka wapi. Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka 1964, na ulikuwa kama kibubu: ukiacha kazi unachukua chako na kwenda zako. Sheria ya mwaka 1997 ikaleta NSSF, wenye pensheni na mafao mengine. Hata hivyo wengi waliendelea kuchukua fao la kujitoa kila walipoachana na mwajiri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2012 yalipoligusa fao hilo, wafanyakazi, hasa wa migodini, walikuja juu. Mwaka 2018 sheria ikaingiza fao la upotevu wa ajira. Nia yake ni kwamba mtu apate cha kumshikilia huku anatafuta kazi nyingine, asile akiba ya uzee wake kwa shida ya miezi michache.

Je, nani hulipwa? Ni mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikia miaka 55, hajapata kazi nyingine, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Malipo ni asilimia 33.3 ya mshahara wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa hiyo aliyekuwa akipata shilingi 300,000 atalipwa shilingi 99,900 kwa mwezi. Hizo si fedha za kujengea nyumba, lakini unga na kodi ya chumba vinaweza kupatikana.

Sasa msikilizaji, tega sikio kwenye maneno yale, "kwa hiari yake." Hapo ndipo penye mtego. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anaweza kumwita mfanyakazi pembeni na kumwambia kwa upole, "Andika barua ya kujiuzulu, tusiharibiane jina." Mfanyakazi anaona ametunziwa heshima, anaandika. Akifika kwenye dirisha la mfuko, barua yake mwenyewe inamhukumu kwamba aliacha kazi kwa kupenda. Amekosa fao, na yuko hatarini kukosa pia kiinua mgongo, ambacho kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Kalamu moja imefuta vyote viwili.

Kwa hiyo usikubali kuandika barua ya kujiuzulu wakati wewe hujataka kuondoka. Anayekuachisha ndiye aandike, na aeleze sababu. Ukishurutishwa, sheria hiyo inatambua kwamba mfanyakazi aliyelazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri amemfanyia kazi isivumilike, ameachishwa. Lakini italazimu uthibitishe, na mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Siku hizo ni chache mno kwa mtu anayezunguka kwa wajomba kuomba ushauri.

Mtego wa pili ni michango. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha zimefika kwenye mfuko. Kama mwajiri alikata miezi 20 akapeleka minane, utajikuta unasimamia miezi ambayo haimo katika kumbukumbu za mfuko. Nenda ukaombe taarifa ya michango yako sasa, ukiwa kazini, na uitazame tena kila baada ya miezi michache. Ukiona pengo, lipeleke NSSF ungali na mwajiri wa kumshika. Kampuni ikishafungwa na ofisi kuhamwa, utabaki unagonga geti.

Tatu, tunza karatasi: mkataba, hati za mshahara, barua ya kuachishwa, kitambulisho cha taifa na namba ya uanachama. Jina liwe moja katika zote. Ukiitwa Mwajuma kazini na Mwanajuma kwenye kitambulisho, utaambiwa njoo kesho, na kesho hiyo ina nauli yake. Dai cheti cha utumishi unapoondoka, kwani ni haki yako kisheria. Kila unapokabidhi fomu, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa tarehe.

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nao wana wajibu hapa. Mkutano wa kueleza masharti ya fao ufanyike wakati watu wana kazi, si siku majina yanapobandikwa ukutani.

Msikilizaji, fedha hizi si sadaka, zimetokana na jasho lako. Lakini mfuko hulipa kwa kumbukumbu, haulipi kwa huruma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mfanyakazi ni taarifa ya michango yake. Hebu jiulize, yako uliiona lini mara ya mwisho?