Anayekudai Ni Nani?

Jumatatu tarehe 24 Juni 2024 iliiva hatifungani ya kwanza ya miaka kumi ambayo Kenya iliwahi kuuza katika masoko ya nje. Ikalipwa, na hakuna aliyeshangilia. Kesho yake vijana walijaa katikati ya Nairobi kuupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni, risasi zikalia, watu wakafa. Jumatano Rais William Ruto akasema hatautia saini mswada ule. Siku ya pili na ya tatu kila mtu anazikumbuka. Ya kwanza imesahaulika, ingawa bila hiyo hizo mbili hazieleweki vizuri.

Tukizungumza deni la taifa huwa tunaanza na jumla na kuishia kwenye jumla. Takriban shilingi trilioni 1.9 katikati ya 2013, zaidi ya trilioni 10 katikati ya 2024. Tarakimu zinatisha, na ni za kweli, lakini hazisemi mengi. Mama mwenye deni la elfu hamsini kwenye chama na mama mwenye deni la elfu hamsini kwa shailoki hawalali usingizi mmoja. Wa kwanza atapigwa faini, atasengenywa kidogo, kisha ataongezewa mwezi. Wa pili, Jumatatu asubuhi friji inatolewa nje.

Kwa hiyo mtu anayelisoma deni la nje kwa makini huuliza kwanza: anayedai ni nani? Kisha: anadai kwa sarafu gani? Jumla huja baadaye. Na katika miaka kumi hivi iliyopita, kilichobadilika zaidi katika deni la nje la Kenya ni majina yaliyomo daftarini. (Deni la ndani, ambalo sasa limelipita la nje kwa ukubwa, lina kisa chake, na nitaliacha kando leo.)

Tuanze na daftari la zamani. Hadi 2013, zaidi ya nusu ya deni la nje la Kenya lilidaiwa na mashirika ya kimataifa, hasa Benki ya Dunia kupitia mfuko wake wa IDA, na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo wa IDA wa masharti ya zamani ulikuwa wa miaka karibu 40. Miaka 10 ya mwanzo hulipi deni la msingi, na badala ya riba unatozwa ada ya asilimia 0.75. Kundi la pili lilikuwa serikali za nje, Japani na Ufaransa zikiwa miongoni mwao. Nchi ikibanwa, wakopeshaji wa namna hiyo walikuwa na baraza la kuketi: Klabu ya Paris. Kenya ilikwenda huko mwaka 2000 na tena 2004, ikapangiwa upya ratiba ya malipo. Mabenki na wawekezaji binafsi hawakufikia hata sehemu moja ya kumi ya deni lote.

Mikopo ile ilikuwa rahisi kwa riba lakini migumu kwa mwendo. Upembuzi yakinifu, tathmini ya mazingira, zabuni inayofuata kanuni za mkopeshaji, fedha zinazotoka kwa mafungu kila hatua inapokaguliwa. Waziri anayeutaka mradi kabla ya uchaguzi hana subira ya namna hiyo. Na mwaka 2014, baada ya pato la taifa kukokotolewa upya, Kenya ilipandishwa ikawa nchi ya kipato cha kati cha ngazi ya chini. Sifa nzuri, na pia sababu ya wakopeshaji wa bei nafuu kuanza kukutazama kama mtu aliyekwisha kujimudu.

Wakati huohuo riba Marekani na Ulaya ilikuwa imeshuka karibu na sifuri, na wenye fedha walikuwa wakizunguka dunia wakitafuta pa kuziweka. Zambia iliingia sokoni 2012, Rwanda 2013. Juni 2014 ikawa zamu ya Kenya: yurobondi ya dola bilioni 2, ikaongezwa dola milioni 750 mwezi Desemba. Jina hilo linapotosha. Halihusiani na sarafu ya yuro. Ni hatifungani tu inayouzwa nje kwa sarafu isiyo ya muuzaji, na kwa nchi zetu karibu kila mara sarafu hiyo ni dola. Fedha ziliingia kwa mkupuo na hazikufungwa kwenye mradi wowote. Aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko, alijaribu kuzifuatilia zilikokwenda, na mvutano uliozuka ni sehemu ya historia yetu ya karibuni.

Hapa inafaa tuishike hatifungani moja mkononi. Sehemu ya miaka kumi ilifika dola bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875. Tofauti yake na mkopo wa benki unaoufahamu ni kwamba hukati deni kidogo kidogo. Kila miezi sita unalipa riba tu. Deni la msingi linabaki palepale, kamili, hadi siku ya mwisho, ndipo linadaiwa lote mara moja. Miaka tisa unaishi kama mtu asiye na tatizo, mwaka wa kumi unaamka una mlima mlangoni.

Halafu kuna sarafu. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa shilingi 88 hivi, kwa hiyo dola bilioni 2 zilikuwa shilingi bilioni 176. Januari 2024 dola iligonga shilingi 160. Dola zilezile bilioni 2 zikawa shilingi bilioni 320. Serikali haikuwa imeongeza hata senti moja kwenye mkopo ule, lakini kwa hesabu ya mlipa kodi, ambaye hulipwa na hukatwa kwa shilingi, deni lilikuwa limenenepa kwa shilingi bilioni 144. Ndiyo maana mfano wa familia, ambao mimi mwenyewe nimeutumia hapo juu, una mwisho wake. Familia hukopa fedha ileile inayoipata. Nchi hukopa dola, kisha inategemea chai, maua, watalii na jamaa walio ng'ambo wanaotuma fedha nyumbani ili dola hizo zipatikane.

Mwisho wa 2023 soko lilikuwa na hofu kwamba Kenya haitaweza. Februari 2024 ikapatikana njia: ikauzwa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, na takriban bilioni 1.44 zikatumika kununua ile ya zamani kabla haijaiva. Riba ya mpya ilikuwa asilimia 9.75. Hofu ilipotoka, shilingi ikapanda hadi karibu 130 kwa dola ndani ya miezi michache. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hazina imevumbua dawa mbadala, nayo ni deni jingine la bei ya juu zaidi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Siku ile, chaguo lililobaki lilikuwa baya zaidi, na walioliandaa jambo lile walikuwa na busara ya kugawa malipo ya deni la msingi katika mafungu matatu, 2029, 2030 na 2031, ili mlima usirudi mzima.

Jina jingine daftarini ni China. Reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ilikopewa takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China mwaka 2014. Wengi hudhani ni mkopo mmoja, kumbe ni miwili iliyofungwa pamoja. Nusu ilikuwa ya masharti nafuu, kwa asilimia 2. Nusu nyingine ilikuwa ya kibiashara, ikitozwa asilimia 3.6 juu ya LIBOR, kiwango cha riba cha soko la London kilichokuwa kikibadilika. Mwaka 2021 kiwango hicho kilikuwa chini ya nusu asilimia. Kufikia 2023 riba za dola zilikuwa zimepita asilimia 5. Mkopo uliokuwa ukitozwa chini ya asilimia 4 ukasogea karibu na 9, bila barua, bila mkutano, na bila mtu yeyote Nairobi kutia saini jambo jipya. Kuulipia, tangu 2013 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje. Anayenunua bidhaa hizo dukani ameilipia SGR hata kama hajawahi kuipanda.

Kufikia 2018 na 2019 daftari lilikuwa limepinduka. Wakopeshaji wa kibiashara, waliokuwa chini ya sehemu moja ya kumi, sasa walishika karibu theluthi moja ya deni la nje, na China ilikuwa mdai mkubwa kuliko serikali nyingine zote zikijumlishwa. Hapo ndipo uzito wa swali la nani anadai unapoonekana, kwa sababu wadai hawa hawana baraza moja la kuketi.

Wazambia wanalijua hilo. Mwaka 2005 walisamehewa sehemu kubwa ya deni lao. Kati ya 2012 na 2015 wakauza yurobondi tatu za jumla ya dola bilioni 3, na pembeni wakakopa China. Novemba 2020 wakashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Wenye hatifungani hawakutaka kusamehe senti ambayo ingekwenda kumlipa Mchina. China nayo haikutaka kusamehe ili mifuko ya London na New York ilipwe. Makubaliano na wenye hatifungani yalikamilika Juni 2024. Miaka mitatu na nusu ya kuzungushwa, kwa sababu ya mchanganyiko wa wadai zaidi kuliko ukubwa wa deni.

Zambia ina kisa kingine ambacho kila mwanafunzi wa uchumi angefaa kukisoma. Mwaka 1979 ilinunua matrekta kwa mkopo kutoka Romania. Mwaka 1999 Romania ilikuwa tayari kulimaliza deni hilo kwa bei ya kutupa, lakini kampuni iitwayo Donegal International ikawahi, ikalinunua kwa dola milioni 3 na ushei. Kisha ikaishtaki Zambia ikidai dola milioni 55. Mahakama ya London mwaka 2007 iliikatalia kiasi hicho, lakini ikaipa karibu milioni 15. Ulikopa kwa rafiki. Anayekuja kudai humjui.

Kenya iliuonja woga wa wadai wa namna hiyo 2020, janga la korona lilipoingia na kundi la G20 likajitolea kuahirisha malipo ya nchi maskini. Serikali ilisita, ikihofia kwamba masoko yangeona kukubali msaada ni dalili ya kufilisika. Ilijiunga Januari 2021. Nchi inaletewa nafuu, nayo inatazama nyuma kwanza kuona kama shailoki amenuna.

Tangu wakati huo daftari limegeuka tena. Soko liliposhupaa, Kenya ilirudi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, Aprili 2021, na Benki ya Dunia ikafungua mkono. Leo mashirika ya kimataifa yanashika tena zaidi ya nusu ya deni la nje. Kwa riba, hiyo ni habari njema. Lakini mkopo nafuu nao una bei; hulipwa kwa utii. Shirika la Fedha lilitaka nakisi ya bajeti ipungue, na Mswada wa Fedha wa 2024 uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi haukuchipuka kutoka hewani. Juni ile tulilipa soko Jumatatu, na Jumanne wananchi wakakataa gharama ya kumridhisha mkopeshaji mwingine.

Badiliko la karibuni ni la sarafu. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwa mikopo ya SGR iliyokuwa ya dola imegeuzwa kuwa ya yuan, ikasema itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Riba za yuan ziko chini kweli, na kutoegemea dola peke yake ni jambo la akili. Nina wasiwasi mmoja tu. Kenya inanunua China kwa wingi na kuuza huko kidogo sana, kwa hiyo yuan za kulipa hatuzipati kwa biashara. Tutazinunua, na mara nyingi tutazinunua kwa dola.

Majirani wa kusini wasicheke. Reli ya zamani ya Tanzania, TAZARA, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Lakini kwa reli mpya, Februari 2020 ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na Standard Chartered, ukiwa na dhamana za mashirika ya Denmark na Sweden. Daftari lao linabadilika vilevile, ila kwa mlango wa nyuma.

Kila mwaka Hazina huchapisha ripoti ya deni, na ndani yake kuna jedwali linalotaja wadai kwa makundi na jingine linalotaja sarafu. Magazeti hunukuu jumla ya ukurasa wa mwanzo. Mwaka huu mfikie mbunge wako, mwulize kuhusu majedwali hayo mawili. Na kama atauliza haraka ni ya nini, mtajie hatifungani ya dola bilioni 1 iliyouzwa Februari 2018 kwa asilimia 8.25. Inadai dola milioni 41.25 za riba kila Februari na kila Agosti, na itaiva Februari 2048.