Ukibadilisha kamshafti ya Subaru, tapeti nazo zipimwe upya

INJINI ya Subaru Impreza iliyoongezewa nguvu ikianza kugonga asubuhi, mwenye gari jijini Kisumu aghalabu huulizia kwanza bei ya tapeti. Bei ingefaa kuwa swali la mwisho. La kwanza ni aina ya tapeti zilizomo, na zile zinazohitajiwa na kamshafti iliyowekwa.

Tapeti hukaa kati ya kamshafti na valvu. Nundu ya kamshafti huisukuma, valvu ikafunguka, kisha springi huirudisha. Injini ikifikisha mizunguko 7,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka zaidi ya mara 58 kwa sekunde.

Injini za EJ20 za mapema miaka ya 1990, sawa na za Mitsubishi Lancer Evolution hadi toleo la 9, hutumia tapeti zinazojazwa oili, ambazo huziba nafasi zenyewe. Ni tulivu, lakini mizunguko ikizidi uwezo wa springi, valvu huelea, oili hujaza pengo hilo, na valvu hukosa kufunga. Ikikutana na pistoni, injini imekwisha. Anayebaki na tapeti hizi hana budi kuweka springi imara na kudhibiti mizunguko. Tena, si kila mlio ni ubovu: huenda ni hewa iliyonaswa ndani, ambayo hutolewa kwa kuitumbukiza tapeti katika dizeli safi na kuibonyeza mara kadhaa.

EJ20 za baadaye, za enzi ya Impreza iliyompa Richard Burns ushindi wa Safari Rally mwaka 2000, hutumia vikombe vya chuma. Hapa lazima pawe na nafasi, takriban milimita 0.20 upande wa kuingiza hewa, injini ikiwa baridi. Katika vikombe visivyo na visahani, hakuna skrubu ya kurekebishia. Nafasi hutegemea unene wa kikombe, unaoandikwa ndani kwa tarakimu tatu. 482 ni milimita 4.82. Fundi akipima nafasi akapata 0.28 badala ya 0.20, huongeza tofauti hiyo, 0.08, na kutafuta kikombe cha 490.

Mtego uko kwenye kamshafti iliyochongwa upya ili valvu ifunguke zaidi. Kwa kuwa mgongo wake umepunguzwa, nafasi huongezeka, na vikombe vya awali huwa vyembamba mno. Wapo wanaokimbilia kubana kila kitu ili kelele iishe. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Valvu ya moshi hupoa inapokalia kiti chake. Ikizuiwa kukaa, huungua, hasa gari linapopanda kwa kasi kutoka ufuoni kuelekea Maseno au Kericho. Heri tapeti inayosikika kidogo kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa.

Kwa injini za Toyota kama 4A-GE, zenye kisahani juu ya kikombe, kamshafti kali huweza kukirusha nje. Kisahani cha chini ni salama zaidi.

Vikombe vya mtumba vinaweza kufaa, mradi uso usiwe na michubuko wala shimo, na unene upimwe kwa maikromita. Nambari iliyoandikwa ni ya siku kilipotoka kiwandani.

Usahihi huo una sababu. Valvu za Subaru zimelala ubavuni, karibu na fremu ya gari, na kikombe hakitoki bila kamshafti kuondolewa. Mafundi wengi huishia kushusha injini nzima. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8, hivyo Impreza za miaka hiyo hazitaongezeka.

Vikombe vyote 16 vipimwe na kuandikwa daftarini kabla ya kuagiza chochote. Baada ya kufunga, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha nafasi zipimwe tena kabla ya kuwashwa.