Majani Yapimwe, Lakini Mama Asingoje

Hapana mtu wa Kwedizinga asiyeujua mwarobaini. Jina lake lenyewe latuambia kuwa wazee waliuamini kwa maradhi arobaini. Basi mtu akisikia kwamba wataalamu wamejaribu majani yake yakaua saratani ya mlango wa kizazi, atasadiki mara moja. Nasi twasema: habari hiyo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumwua mtu.

Kweli yenyewe ni hii. Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika spiriti na kuchujwa. Dawa ipatikanayo hutiwa katika kisahani chenye seli za saratani. Seli zitumiwazo sana ni kizazi cha zile alizotolewa Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani, mjini Baltimore mwaka 1951. Hakuombwa idhini, naye alifariki mwaka ule ule. Seli zake zaishi hata leo. Kisha hutiwa rangi ya manjano, ambayo seli iliyo hai huigeuza zambarau. Isipogeuka, seli zimekufa. Ndivyo dawa ya mwarobaini ilivyoonekana kuziua.

Lakini hata sabuni ikitiwa katika kisahani kile itaua. Swali ni hili: je, dawa hiyo itaziacha salama seli nzima? Ikinywewa, itapita tumboni na katika ini ikafike mahali pa ugonjwa ingali na nguvu? Na kipimo chake ni kipi? Kisahani hakiwezi kujibu.

Hatusemi hayo kwa kudharau miti yetu. Liko ua la Bukini lipandwalo bustanini. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada walipata katika majani yake dawa ya vinblastini, ambayo hata leo hutibu saratani ya tezi. Lakini hutolewa kwa sindano na kwa kipimo. Ayatafunaye majani yenyewe hula sumu. Muhimbili nako tiba za asili zimechunguzwa tangu mwaka 1974. Kazi hiyo na iendelee, na mganga wa Handeni mwenye elimu ya mti aombwe na apewe haki yake, asifanyiwe kama alivyofanyiwa Henrietta.

Ila mama asingoje. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipatwa na saratani hii, na zaidi ya 6,000 walikufa. Huletwa na virusi, nayo hukua polepole kwa miaka mingi. Ndiyo maana yaweza kuzuiwa. Mhudumu hupaka siki mahali hapo, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe, pakatibiwa mapema. Wasichana nao wamechanjwa nchini kote tangu mwaka 2018.

Ndugu zetu wakulima wa Handeni na wafanyakazi wa mkonge wa Korogwe, neno hili ni lenu pia. Mke akitokwa na damu isiyo ya hedhi, mpeni nauli siku ile ile. Mume amwambiaye mkewe anywe kwanza majani mwezi mzima amemnyang'anya mwezi ambao pengine ungemwokoa. Majani yaweza kungoja. Ugonjwa haungoji.