Mzee Kusahau Kidogo Si Ugonjwa

Mama mmoja alimleta baba mkwe wake zahanati. Akasema, "Daktari, mzee amerogwa. Anasahau." (Hapa kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari.) Nikamwuliza mzee amesahau nini. Akajibu, "Mjukuu wangu, nilikuwa nahesabu magunia ya mahindi pale sokoni Kibaigwa. Nilipofika kumi na saba, mtu akanisalimu. Hesabu ikapotea."

Nilimwuliza habari za Operesheni Dodoma ya mwaka 1971. Alinieleza yote: tembe waliyoiacha, na ng'ombe waliohama nao.

Mzee huyo hajarogwa, wala si mgonjwa. Ubongo huzeeka kama miguu. Miguu ya mzee hufika shambani, ila huchelewa. Jina la mtu analijua, lakini huchelewa kuja. Kushika mambo mawili pamoja, kama kuhesabu na kuitika salamu, humshinda. Lakini mambo ya zamani, maana ya maneno na ujuzi wa kazi hubaki. Mzee huyo akishika mtama mkononi anajua kama umekauka. Mimi siwezi.

Ukitaka kusema na mzee, zima redio. Kaa mbele yake. Sema jambo moja, kisha ngoja. Pengine hakusahau, bali hakusikia.

Ugonjwa ni kitu kingine. Mzee akisahau alipoweka jembe, huo ni uzee. Akilishika jembe asijue ni la kazi gani, au akipotea njia ya nyumbani kwake, huo ni ugonjwa. Mwaka 2010, wilayani Hai, walipimwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliokuwa na ugonjwa huo ni kama 6 tu katika kila 100. Basi hata katika umri huo, wengi hawana.

Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, msingoje. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, au mwili umekaukiwa maji. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo. Mwaka jana nililetewa bibi mmoja siku ya nne. Nyumbani walidhani ni mizimu. Ilikuwa malaria, na tulikuwa tumechelewa.

Yule mzee wa magunia amerudi sokoni. Kila gunia likipita, anatia punje moja ya mahindi mfukoni. Akisalimiwa, anaitika.