Springi Ngumu, Bomba Kavu

Anayenunua vali ya njia moja, ile inayoruhusu maji kwenda na kuyakataza kurudi, huangalia kipenyo na bei, basi. Namba asiyoiuliza ni presha ya kufungulia, yaani presha ambayo upande wa kuingilia lazima uuzidi nayo upande wa kutokea ndipo springi ibonyee na maji yaanze kupenya. Anayeijua naye mara nyingi huidhani kuwa kipimo cha uimara, akachagua kubwa. Mimi naiona kama ushuru wa njiani: maji hayapiti mpaka yalipe, na yanalipa kwa presha yako.

Chukua tangi lililo juu ya mnara wa mita 3. Kimo cha maji cha mita 10 hutoa takriban baa 1, kwa hiyo bombani kuna baa 0.3 tu. Funga vali inayofunguka kwa baa 0.35, na tone halitoki. Mwenye nyumba atazibua mabomba siku nzima bure. Funga ya baa 0.03, ushuru unakuwa kama sentimita 30 za kimo, hata huuhisi. Tena namba hiyo ni ya kuanza kuvuja tu. Kufunguka wazi kunadai zaidi. Na penye pampu ya kisima hesabu ni kali, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda hadi kwenye pampu ni uzito wa hewa: kwenye usawa wa bahari hauvuki mita 10 hivi, na Nairobi, iliyo juu kwa karibu mita 1,700, haufiki 9. Kila baa 0.1 inayoliwa na vali ya chini kisimani ni mita moja ya kina uliyoipoteza.

Fundi atasema springi laini haibani, maji yatarudi. Hapo ana nusu ya haki. Vali ikishafunga, kinachokibana zaidi kisahani kinachoziba njia ndani yake ni maji yenyewe yanayotaka kurudi, na yakiwa na nguvu ndogo, mpira mzuri wa kukaliwa na kisahani husaidia kuliko springi ngumu. Nusu yake ya haki iko kwenye ghorofa: pampu inapozimwa, kisahani kisicho na springi huchelewa, maji huanza kushuka, kisha kisahani hujifunga kwa kishindo kinachotikisa mabomba. Pale springi ina kazi, na pampu ya baa 4 hailemewi na ushuru wa baa 0.35.

Ikiwa dukani hakuna karatasi ya kiwanda yenye namba hiyo, pulizia vali kwa mdomo kufuata mshale uliochorwa ubavuni. Inayokataa pumzi yako iache. Haifai kwa tangi la mita 3.